Mashine Ikisaga, Sauti Huzama

Mashine tupu hupiga kelele kuliko mashine inayosaga. Anayeishi karibu na kinu analijua hili bila kufundishwa. Mota ikiwashwa na mkanda ukashika, mashine hulia juu, karibu kama mluzi; ukiimwagia nafaka, sauti huzama, inakuwa nzito, na sakafu huanza kutetemeka chini ya nyayo. Dada yangu ameishi ndani ya sauti hizo mbili tangu alipoolewa. Mashine aliachiwa na mama mkwe wake, pamoja na chumba cha mabati, mizani yenye sahani iliyobonyea, na wateja wanaoamini kwamba unga wao unaibwa hata wakiwa wameukodolea macho.

Watu wanamwita Mama Mashine. Ana mabega mapana, na kufikia adhuhuri unga unakuwa umemtanda hadi kwenye kope. Mle ndani sauti ya binadamu haifiki mbali, kwa hiyo anaongea na wateja kwa kidole na nyusi. Mteja akilalamika kwamba unga umepungua, humwonyesha mizani. Akiendelea kulalamika, humwonyesha mlango. Ana sheria moja tu: asiye na nafaka hana foleni. Mwenye maneno matupu ayapeleke kwingine.

Mwanawe wa pekee tunamwita Mzee. Jina hilo alilipata kwa sababu tangu alipojua kutembea alitembea mikono nyuma, kichwa kimeinama, kama mstaafu anayekagua ukuta uliojengwa vibaya. Kelele zilimtesa kila mahali isipokuwa hapo kinuni. Pembeni ya magunia palikuwa na mahali pake, na alisimama hapo kiganja kimoja kikiwa ukutani, akiimba na mashine. Ikipanda, naye alipanda. Ikizama, naye alizama, mmm, nzito, tumbo mbele. Hakukosea hata siku moja. Lakini ukimwita hakugeuka, na sura ya mtu aliitazama kama unavyotazama mlango uliofungwa wa nyumba usiyoijua.

"Mji mzima unaniita mama," dada aliniambia siku moja akijipangusa uso. "Hata yule muuza mkaa mwenye mvi ananiita mama. Niliyemzaa ndiye hajaniita."

Wakati huo maneno ya watu yalikuwa yamekwisha kumfika. Wengine walisema kelele za mashine zilimwingia mtoto akiwa bado tumboni. Wengine walisema mama huyu anapenda kazi kuliko mtoto, ndiyo maana mtoto amemnunia. Hili la pili linanichemsha damu hadi leo. Mtoto mwenye usonji hajamnunia mtu. Amezaliwa na ubongo unaoipokea dunia kwa njia yake, na hakuna mama aliyesababisha hilo kwa kubembeleza kidogo au kuwahi kurudi kazini. Anayesema vinginevyo anampiga teke mwanamke aliyekwisha kuanguka, kisha anaondoka akijiona mwenye hekima.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuoni, nasomea ujenzi wa mifereji ya maji, jambo lisilohusiana kabisa na watoto. Lakini nyuma ya bweni letu kulikuwa na kituo kidogo walikofundisha watoto wadogo wenye usonji kwa michezo, na mara nyingi nilisimama kwenye uzio nikitazama. Nikamwambia dada tumpeleke Mzee kabla hajafikisha miaka mitatu. Nikamtupia na methali: samaki mkunje angali mbichi.

Akanijibu kwamba mwanawe si samaki, na hakumzaa ili aje akunjwe.

Nikaona methali imenigeuka. Nikamwambia basi afikirie njia ya miguu katikati ya majani. Ikipitwa mapema, na ikapitwa kila siku, majani hayaoti tena, na kesho yake hata mgeni anaiona. Ubongo wa mtoto mdogo bado unachora njia zake, na hatuendi kuibomoa hata moja, tunakwenda kupita pamoja naye pale ambapo peke yake hapiti. Akauliza kituo kinafunguliwa saa ngapi.

Siku ya kwanza walimvisha Mzee kofia ya nyaya inayosikiliza umeme mdogo wa ubongo, wakamwonyesha picha kwenye kioo cha kompyuta: kigari chekundu, halafu sura za watu. Dada alimpakata, ameishika mikono yake asiing'oe kofia, kwa hiyo hakuona chochote zaidi ya kisogo cha mwanawe. Tuliambiwa kwa mdomo tu kwamba ubongo wa Mzee unaamka kwa kigari, na sura za watu zinaupita ukiwa umesinzia. Watarudia kipimo baadaye, baada ya mafunzo. Dada alisema wangemuuliza yeye angewaambia bila kofia.

Kisha akaja Mwalimu.

Alikuwa binti wa makamo yangu, mwenye mwanya na sauti ya taratibu, na silaha yake ilikuwa kopo la maji ya sabuni. Alichovya kiduara cha waya, akakileta mdomoni, na hakupuliza. Alisubiri. Mzee alitazama waya, akatazama kopo, akatazama dari. Mwalimu akasubiri tu, mashavu yamejaa pumzi. Mtoto akitupa jicho usoni kwake, hata kwa nukta moja, povu linaruka. Asipotupa, halitoki. Ndivyo kazi yote ilivyokuwa, siku baada ya siku, na msidhani ni mchezo rahisi. Jaribuni kumsubiri mtu asiyejua kwamba anasubiriwa.

Siku Mzee alipomtazama, dada alikuwa ameketi pembeni kwenye kiti cha watoto, magoti yamefika kidevuni, unga bado kwenye nywele. Mzee aliinua macho kutoka kwenye waya, akayapandisha polepole hadi kwenye macho ya yule binti, na akayaacha hapo. Povu likaruka. Akacheka. Sote tukapiga makofi. Dada naye alipiga, lakini kama mtu anayekung'uta unga mikononi.

Tulipofika nyumbani akamwogesha Mzee, akamkausha, akamnusa shingoni, akamwogesha tena.

"Ananukia mafuta yake," alisema.

Kuanzia hapo Mwalimu hakuwa Mwalimu tena. Akawa Bibi Povu. Bibi Povu wako amesema nini leo? Bibi Povu anajua kwamba mtoto ana baba na mama? Nikimjibu kwamba yule ni mtaalamu na anafanya kazi yake, ananitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mjinga aliyesomeshwa kwa jasho la wengine.

"Wanawake wenzangu huletewa mke mwenza na waume zao," aliwaambia wateja siku moja mashine ikiwa imezimwa. "Mimi nimeletewa na ndugu yangu wa tumbo moja. Tena si wa mume. Wa mtoto."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka. Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa lori na hurudi mara chache, alipopiga simu akasema tumshukuru sana huyo mwalimu, dada alimwambia mtandao unasumbua, akakata.

Nilimkuta mara nyingine nyuma ya nyumba ameficha kikombe cha sabuni ya kufulia, amekunja waya wa uzio kuwa kiduara, anapuliza. Povu lilitoka zito, likampasukia Mzee jichoni. Mtoto akalia, akaziba masikio, akaenda kusimama kwenye ukuta wake. Dada akaumwaga ule mchanganyiko mchangani na kusema sabuni siku hizi ni chumvi tupu.

Na kibaya zaidi ni kwamba Mwalimu alikuwa amemwomba afanye hivyo hivyo. Alimweleza kwamba saa chache za kituoni hazitoshi, kwamba mchezo wa kusubiri unatakiwa ufanyike nyumbani, tena kwa kitu ambacho mtoto mwenyewe anakipenda, na kwamba mama ndiye anayekaa naye kutwa. Mimi nilisikia mtu anayemkabidhi mwenzake ufunguo. Dada alisikia mtu anayemfundisha kuzaa. Alijibu, "Haya," na haya yake ilikuwa na mlango ndani yake, na mlango ulikuwa umefungwa.

Mwanzoni nilimkasirikia. Niliona ubinafsi: mtoto anafunguka, na mama anahesabu nani ameshika kitasa. Lakini asubuhi moja nilimwona ameinama mbele ya Mzee kumfunga kamba za viatu, amesogeza uso wake hadi ulipo uso wa mtoto, anasubiri. Mtoto aliangalia juu ya bega lake, pale ambapo barabara ya kituoni inaanzia. Nikageuza macho. Yapo mambo ambayo hata ndugu hatakiwi kuyaona.

Siku ya kipimo cha pili ikafika. Safari hii Mzee alikuwa amezoea, akakubali kofia akiwa kwenye kiti peke yake, Mwalimu amechuchumaa karibu. Picha zilikuwa tatu: kigari, sura ya Mwalimu na sura ya dada, ambayo niliipiga kwa simu yangu mlangoni pa kinu. Fundi wa kipimo, baba mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hakutuzuia kusimama nyuma yake. Kwenye kioo chake mistari ilikuwa ikipanda na kushuka kama mgongo wa kiwavi.

Kikaja kigari. Halafu ikaja sura ya Mwalimu, na mawimbi yakasimama marefu, mazuri, yamejaa kioo. Halafu ikaja sura ya dada. Mawimbi yakaanguka. Yakalala karibu kuwa mstari mtupu. Wakarudia, na kila ilipokuja sura ya Mwalimu yalisimama, na kila ilipokuja ya dada yalilala.

Mimi nilisimama kando yake na niliona alichoona. Naapa nilikielewa kama alivyokielewa, wala sikuona haja ya kumuuliza fundi.

Dada hakungoja mtu aeleze. Aliingia chumbani, akamvua mwanawe ile kofia kwa mikono yake, taratibu, unywele kwa unywele, akambeba mgongoni na kuondoka. Mzee alilaza shavu kwenye mgongo wake kama kawaida. Mwalimu alimfuata hadi kwenye ngazi akimwita mama, mama, tafadhali.

"Usiniite mama," dada alisema bila kugeuka. "Sikukuzaa wewe. Niliyemzaa ndiye huyu, na sasa nimeonyeshwa kwamba hata yeye sikumzaa."

Hakumrudisha tena kituoni. Wiki ikapita, na nyingine, na nyingine. Nilikwenda kinuni nikiwa na hoja zangu zote mkononi: kwamba dirisha hili la utotoni halibaki wazi milele, kwamba njia zilizoanza kukanyagwa zitaota majani, kwamba wapo watoto elfu wanaotamani nafasi hiyo na hawana hata uzio wa kuchungulia. Nilisema kwa sauti, hadi wateja wakageuka. Aliniacha nimalize. Kisha akaniuliza.

"Wewe umesoma. Niambie ukweli basi. Mtoto akimpenda Bibi Povu na kwangu akazimika, nikimpeleka kila siku kwake, mwisho wake nitakuwa nani? Mbeba mtoto?"

Akawasha mota.

Mzee, kwa upande wake, alianza kurudi alikotoka. Kile kicheko kikapotea. Aliimba na mashine kuanzia asubuhi hadi jioni, na ukimwita alikuwa ukuta na kiganja chake. Dada aliliona hilo kabla yangu. Nilijua kwa sababu aliacha kulitaja.

Mwalimu alikuja siku ambayo foleni ilifika barabarani. Alikuwa ameuliza sheria za pale, maana alibeba mfuko wa mahindi. Alipanga foleni kama mtu mwingine, nyuma ya bibi mmoja mkali ambaye alimuuliza mara mbili kama mahindi yake yamepembuliwa, na dada alimwona tangu alipokuwa mlangoni lakini hakutikisa hata unyusi. Mimi nilikuwa nafunga magunia. Zamu yake ilipofika, dada aliyamimina mahindi kwenye ndoo, akayapima, akasimama nayo mbele ya mdomo wa mashine. Mashine ilikuwa tupu, inalia juu kabisa.

"Sema upesi," dada alimpigia kelele. "Mashine inakula umeme."

Mwalimu aliweka mikono kama tarumbeta. Alisema siku ile mimi na dada tuliona kitu kimoja na kukisoma kinyume. Yale mawimbi marefu ni ya ubongo uliopumzika, ambao hauna shughuli. Ukipata kitu cha kuchambua, ukianza kazi, yanashuka. Ndivyo yalivyo. Mwanzoni, kabla ya mafunzo, yalishuka kwa kigari tu, na sura zote yalizipita yakiwa marefu vile vile. Safari hii yalishuka kwa sura.

"Sura ya nani?" dada aliuliza.

"Ya kwako, mama. Kwangu yalikaa juu."

Dada alisimama na ndoo yake. Mwalimu, kwa kuwa ni mtu mkweli, akaharibu utamu: akasema ni mtoto mmoja na siku moja, kipimo hiki huaminika kikiwa cha watoto wengi, hawezi kumwapia, na hakuna kofia duniani inayopima mapenzi. Huenda Mzee amemzoea tu yeye Mwalimu kiasi kwamba hana jipya la kumtazamia. Anachojua ni kwamba mtoto alikuwa ameanza kuamkia sura, na sasa analala tena.

Sidhani kama dada aliyasikia hayo ya mwisho. Alikuwa anatazama mashine. Kwenye ukuta Mzee alikuwa anaimba ile sauti ya juu, tupu, kali. Dada akainamisha ndoo kidogo, yakaingia mahindi ya kiganja kimoja. Sauti ikazama. Mzee akazama nayo, mmm. Mahindi yakaisha, ikapanda. Dada akaongeza kidogo. Ikazama.

"Kwa hiyo ikisaga inashuka," alisema.

"Ndiyo."

"Na ile ya kwako ilikuwa inavuma."

"Ndiyo, mama."

"Debe tupu," dada alisema, na kwa mara ya kwanza tangu alipomfahamu yule binti, unga ulipasuka kwenye mashavu yake.

Mwalimu akacheka pia, lakini si sana. Akasema, na hapa ilinibidi nisogee ili nisikie, "Unadhani mimi sina wivu? Kila jioni, kila mtoto aliyenitazama anaondoka mgongoni kwa mtu mwingine."

"Basi zaa wako," dada alimjibu. Hakuwa mtu wa kulainika mara mbili kwa siku moja.

Lakini ndoo haikushuka. Mashine ilikuwa tupu tena, inalia juu, na Mzee alikuwa juu nayo, anangoja izame. Dada aliinua ndoo hadi ikafika karibu na kidevu chake, akaiegemeza kwenye mdomo wa mashine, na hakumimina. Nilielewa anachofanya kabla ya kuamini. Mwalimu alielewa pia. Alirudi nyuma hatua moja na kushika mikono yake mwenyewe.

Bibi mkali akaanza. Mahindi ya nani hayo yanayobembelezwa? Tumekuja kusaga au kupiga picha? Dada hakumwonyesha mlango. Mashine ilipiga mluzi. Mzee aliacha kuimba. Alitazama mashine, akatazama ndoo, akatazama mkono ulioshika ndoo, akabaki kwenye mkono, akabaki, hadi nikadhani ataishia hapo. Kisha macho yakapanda juu ya kiwiko, juu ya bega, yakafika kwenye ule uso mweupe wenye kope nyeupe, yakatulia.

Dada akamimina. Sakafu ikatetemeka. "Mmm," alisema Mzee, bado anamtazama, na dada akamjibu kwa sauti ile ile nzito, "Mmm," machozi yakichora mistari kwenye unga, na bibi mkali akasema kumbe mashine yenyewe ndiyo mbovu, inamliza hadi mwenyewe.

Yale mahindi ya Mwalimu yalisagwa kijiko kwa kijiko. Alirudi nyumbani na unga laini kuliko wote uliowahi kutoka mle.

Jumatatu iliyofuata Mzee alirudi kituoni. Dada alimpeleka mwenyewe, akamkabidhi, akasimama mlangoni muda wote, ingawa wazazi waliambiwa wakae. Hadi leo anamwita Bibi Povu, ila sasa anamwita mbele ya uso wake. Kinuni foleni imekuwa ndefu, maana kila ndoo ina kusubiri kwake, na wateja wamejifunza kunyamaza pale mashine inapolia tupu. Yule bibi mkali ndiye anayewanyamazisha. Ningekuwa na uwezo ningeweka mtu kama Mwalimu kando ya kila kinu, kila kibanda, kila karakana ambayo kuna mtoto aliyesimama na kiganja ukutani. Sina uwezo huo bado.

Neno la kwanza la Mzee halikuwa mama. Lilikuwa "tia". Alilisema mbele ya mashine, kwa dada, akimtazama, na dada alitia hadi unga ukamwagika sakafuni. Siku chache baadaye Mwalimu alinipigia simu kwa furaha kuniambia kwamba Mzee amelisema kituoni pia, mbele ya kopo la sabuni. Nilimpelekea dada habari hiyo nikidhani ataruka.

Alikunja uso. Akaendelea kufunga gunia, akakaza kamba, akakata uzi kwa meno.

"Povu halitiwi," alisema. "Povu linapulizwa. Mwambie asimharibie mwanangu Kiswahili."